Skili haitoki, au bado inapoa? Kutafuta kasoro katika mapigano ya gemu za mtandaoni

Kijana mmoja wa Iyunga alinifuata mezani kwangu pale Kabwe, Mbeya, akaniwekea simu mbele. "Shikamoo kaka. Nibadilishie tachi. Nikibonyeza ngao haitoki, leo tu nimeshakufa mara nne." Mchana kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo nilifanya ninachofanya kila siku: nikafungua ukurasa wa kuchorea, nikapitisha kidole kona hadi kona. Mstari haukukatika popote. Nikamwambia afungue gemu yenyewe, aingie kwenye pambano dogo, abonyeze ngao huku naangalia. Alama ya ngao ilikuwa imefifia, na katikati yake namba zinashuka: 14, 13, 12. Yeye anaigonga kama anagonga mlango wa mtu aliyelala.

"Dogo, tachi ni nzima. Ngao yako bado inapoa."

Aliondoka na hela yake mfukoni. Lakini lalamiko lake ninaletewa kwa sura nyingi, na watu wa Mbalizi, wa Tukuyu, wa Njombe, wa Iringa, maana usiku naongoza kikosi chetu mtandaoni na wote hao wamo. Sababu hazifanani, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Hapa nimeweka dalili ninazokutana nazo zaidi, na jinsi ninavyozichunguza.

Kabla ya dalili, shika hili moja. Skili ni uwezo wa mhusika wako, kama ngao, unaoutoa kwa kubonyeza alama yake, na kupoa ni kusubiri kabla ya kuutumia tena. Mtengenezaji wa gemu akiamua ngao ipoe kwa sekunde 30, ameamua pia kwamba kuna sekunde 30 utakazopigana bila ngao. Pambano liko ndani ya sekunde hizo. Karibu kila kasoro nitakayoitaja inatokana na mtu kutojua anasubiri nini, au kutojua afanye nini wakati anasubiri.

Saa nne zinazohesabu kwa wakati mmoja

Pale Mwanjelwa kuna mama anauza chapati asubuhi. Ana majiko matatu ya mkaa na fraipeni tatu. Kila chapati ina muda wake wa kuiva, na fraipeni ya kwanza haijali ya pili imefika wapi. Huo ndio muda wa kupoa wa skili moja moja.

Lakini mkono wa kugeuza ni mmoja. Hata chapati mbili zikiiva kwa pamoja, atageuza moja, kisha nyingine. Huko ndiko kupoa kwa pamoja: ukitumia skili yoyote, karibu zote zinafungwa kwa muda mfupi. Katika World of Warcraft, gemu ya mwaka 2004 ambayo wengi wameiiga, muda huo ni sekunde 1.5, nao unaweza kushuka hadi 0.75 ukiwa na wepesi wa kutosha, yaani nyongeza ya kasi ya skili. Mhusika wa aina ya mwizi yeye ana sekunde 1. Katika Final Fantasy XIV ni sekunde 2.5. Katika RuneScape 3 ni sekunde 1.8.

Akishaanza kusukuma donge, hawezi kuliacha nusu akashika mwiko. Hiyo ni saa ya tatu, mwili kufungwa na mwendo wake: mhusika akishainua upanga, lazima mkono ushuke ndipo afanye kingine.

Saa ya nne ni ya mteja aliyesimama ng'ambo ya barabara. Anaita "mbili, mama!" lakini bajaji zinapita, sauti inachelewa, na huenda asisikike kabisa. Wewe ni mteja huyo. Mama wa chapati ni seva, ile kompyuta kuu inayoendesha gemu.

Mtu akiniambia skili haitoki, swali langu la kwanza ni: saa ipi kati ya hizi nne?

Dalili: nabonyeza, haitoki kabisa

Tazama alama, usitazame adui. Kama alama moja tu imefifia na ina namba au kivuli kinachozunguka, skili hiyo inapoa yenyewe. Kama zote zimefifia kwa kufumba na kufumbua kisha zikawaka pamoja, ni kupoa kwa pamoja, nawe umebonyeza mapema mno. Kama alama inawaka vizuri ila haitoki, toka kwenye habari za kupoa. Angalia mana au nguvu, ile akiba ambayo kila skili inaitumia, angalia umbali, angalia kama umempa adui kisogo. Gemu nyingi huandika sababu kwa maandishi madogo mekundu juu ya skrini, na watu hawayasomi kwa sababu macho yako kwenye moto.

Jaribio langu halina gharama. Nenda kwa mwanasesere wa mazoezi kama gemu yako inaye, au kwa mnyama dhaifu asiyeweza kukuua. Tumia skili moja tu, mara kumi, ukisubiri kila mara iwake ndipo ubonyeze. Ikitoka mara kumi, simu yako haina tatizo. Kisha fanya hivyohivyo na skili mbili kwa kupishana. Ikianza kukwama hapo ndipo utajua kwamba hesabu iliyokushinda ni ya mkono mmoja na fraipeni mbili.

Kubonyeza mara kumi haraka kunasaidia kidogo sana. Gemu nyingi zina foleni: ukibonyeza muda mfupi kabla ya kupoa kuisha, inapokea agizo na kulitekeleza mara mlango unapofunguka. Katika World of Warcraft dirisha hilo ni milisekunde 400 usipoligusa, nalo linaitwa SpellQueueWindow. Ukibonyeza ndani ya dirisha hilo, mara moja inatosha. Ukibonyeza nje yake, hata mara kumi ni bure, na mara nyingine unaipanga kwenye foleni skili usiyoitaka kwa sababu kidole kilikuwa kikipita.

Dalili: inatoka, ila imechelewa, au kuna pengo kila baada ya skili

Hapa ndipo watu wa kwetu tunapojilaumu bure. "Si unajua kaka, tuko mbali, mtandao wa Nyanda za Juu." Nimefanya hesabu mara nyingi mbele ya watu, nairudia hapa.

Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilomita mia nane na kitu. Kwenda na kurudi kwa umbali huo ni kama milisekunde 8. Hizo hazimuui mtu. Njia ya baharini hadi Ulaya, ukiikadiria kilomita 10,000, ni milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, jumla 100, na hizo hakuna fundi atakayezipunguza. Kwa hiyo ukiona pingi, yaani muda wa agizo kwenda seva na kurudi kwa milisekunde, ya 150 au 180 hadi seva ya Ulaya, tulia, hiyo ndiyo jiografia. Ukiona 400, kuna kitu kingine: mnara umejaa watu saa mbili usiku, waifai inapita kuta tatu, mdogo wako anapakua video chumba cha pili, au simu yenyewe inasasisha programu kwa siri. Na mara chache ni bahari: tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo funga gemu, ukasome.

Pima kabla ya kutibu. World of Warcraft inakuonyesha namba mbili ukiweka kipanya juu ya kitufe cha menyu, ya nyumbani na ya dunia. Ya dunia ndiyo inayogusa mapigano. Iandike asubuhi, iandike saa kumi jioni, iandike saa tatu usiku, siku tatu. Usitazame wastani peke yake, tazama inavyoruka. Pingi ya 180 iliyotulia inachezeka, kwa sababu mkono unaizoea na unabonyeza mapema kwa kiasi kilekile. Pingi ya 90 inayoruka hadi 350 haizoeleki, mkono haujui uwahi kiasi gani.

Ukicheza kwenye kompyuta kwa bando la simu, acha hotspoti, unganisha simu kwa waya wa USB. Nimeona dawa hiyo ndogo ikituliza pingi kuliko kununua rauta mpya. Ukicheza Albion Online, angalia umejisajili seva ipi. Walifungua seva ya Ulaya, iliyoko Amsterdam, mwaka 2024. Waliojiunga zamani kwenye seva ya Marekani wanavuka bahari ya pili bila sababu, lakini kila seva ni dunia yake, kwa hiyo kuhama ni kuanza upya. Mwanzoni mwa safari yako, hama. Ukiwa na miaka miwili ya mali, pima mwenyewe.

Kuna gemu ambazo pingi inaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya kupoa, na hili linastahili nafasi. Final Fantasy XIV ina skili za aina mbili: zile za sekunde 2.5 zinazofunga zote, na zile ndogo zinazoingizwa katikati yake. Kila skili inakufunga mwili kwa takriban sekunde 0.6, lakini hesabu hiyo inaanza upya pale jibu la seva linapokufikia. Kwa hiyo muda wako halisi ni 0.6 pamoja na pingi. Ukitaka kupiga skili kubwa moja kisha kuingiza ndogo mbili, unafungwa mara tatu. Kwa pingi ya milisekunde 200: 0.8 mara tatu ni 2.4, umepona chupuchupu. Kwa pingi ya 250: 0.85 mara tatu ni 2.55, umepita 2.5, na skili kubwa inayofuata inachelewa kila mzunguko. Mwongozo ulioandikwa na mtu wa Tokyo utakwambia ingiza mbili. Wewe wa Uyole ingiza moja, na ya pili isukume hadi mzunguko unaofuata. Si udhaifu wako, ni hesabu.

Ndiyo maana vijana wanaoanza huku nawaelekeza Old School RuneScape, ambayo ipo kwenye simu tangu 2018. Dunia yake inasogea kwa hatua za sekunde 0.6. Agizo lako likifika ndani ya hatua, linasubiri hatua inayofuata kama la kila mtu mwingine. Pingi ya 150 ndani ya 600 inamezwa, na mtu wa Makambako anapigana karibu sawa na mtu wa London.

Dalili: mwanzoni inatii, baada ya dakika ishirini inagoma

Simu imepata moto. Julai kule Uyole baridi inauma, mtu anajifunika blanketi mpaka kichwani, simu iko kwenye chaja, kava nene la mpira limeikumbatia. Anadhani baridi ya nje inaipoza, kumbe ameitengenezea oveni. Simu ikipata joto kali inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, picha zinaanza kuruka, na miguso mingine inapotea kabla haijafika kwenye gemu. Nimefungua simu za namna hiyo, betri imeanza kuvimba kama maandazi.

Chomoa chaja, vua kava, iweke juu ya meza ya mbao kwa dakika kumi, shusha ubora wa picha. Kisha ujaribu tena. Ikirudi kutii, hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Dalili: bosi anafika nusu, kisha nguvu zetu zinaisha

Kikosi kinaanza kwa kishindo. Kila mtu anamwaga skili zake kubwa sekunde ya kwanza, damu (uhai) ya bosi, yule adui mkubwa, inashuka kama mvua ya Tukuyu, watu wanashangilia. Dakika mbili baadaye wote wana skili ndogo tu, bosi bado ana nusu, na hatua yake ngumu ndiyo inaanza.

Sababu zinaweza kuwa mbili, nazo zinapingana. Wapo wanaomwaga bila kupanga, na wapo wanaobana hadi pambano linaisha skili haijatoka. Wa pili ni wengi kuliko mnavyodhani. Mtu anajiambia "naitunza kwa dharura," dharura ikija kidole kimeshasahau ilipo.

Fanya hesabu hii kwa bosi wako. Chukua pambano la dakika 5 na sekunde 10, na skili inayopoa kwa dakika moja. Ukiitumia kila inapowaka, inatoka mara sita: mwanzo, dakika ya 1, ya 2, ya 3, ya 4, ya 5. Ukichelewa sekunde 15 kila mara, inatoka mara tano. Umepoteza pigo zima kwa uzembe mdogo mdogo. Sasa chukua skili ya dakika mbili. Kwa wakati inatoka mara tatu, mwanzo, dakika ya 2, ya 4. Ukichelewa sekunde 30 kila mara: mwanzo, dakika mbili na nusu, dakika ya tano. Bado mara tatu! Hapo kubana hakukugharimu kitu, na kama kumekusaidia kupiga wakati mzuri zaidi, umefanya vyema. Swali la kujiuliza kila unapotaka kubana ni hili moja: nikiichelewesha, idadi ya kutoka kwake itapungua kabla bosi hajafa?

La pili ni kukutanisha. Skili ya sekunde 90 na ya sekunde 120 zikianza pamoja, zikitumiwa kila zinapowaka hazitakutana tena hadi sekunde ya 360, dakika ya sita. Katikati yote kila moja inapita peke yake. Nyongeza kwa kawaida huzidishana: pigo la 1,000 likikuta nyongeza moja ya asilimia 10 ni 1,100, likikuta tatu za namna hiyo ni 1,331. Ndiyo maana Final Fantasy XIV, tangu toleo la Desemba 2021, ilipanga nyongeza nyingi za kikosi zipoe kwa sekunde 120, na mapigano yake sasa yana mapigo ya dakika mbili mbili. Wengine wanalalamika kwamba kazi zote, yaani aina za wahusika, zimefanana. Mimi naona wana hoja, lakini kwa kikosi kinachoongea kwa sauti inayokatika katika, kengele moja ya dakika mbili ni rahisi kuifuata kuliko kengele tano.

Zipo skili zinazogusa kikosi kizima na hazirudiwi. Bloodlust ya World of Warcraft inawaongezea wote wepesi wa asilimia 30 kwa sekunde 40, kisha kila aliyeipata anabaki na alama inayomzuia kuipata tena kwa dakika 10. Pambano likiwa fupi kuliko hapo, mnayo moja. Kubalianeni kabla ya kuingia itatoka lini, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kusema "sasa."

Dalili: tanki anakufa ghafla ingawa mganga yupo na mana imejaa

Niliisikia kasoro hii kabla ya kuiona. Usiku mmoja tuko kwenye simu ya pamoja, watano, bosi anainua rungu. "Nimeweka ngao!" anasema tanki, yule anayetangulia kupigwa ili wengine wasipigwe. Kwa sekunde ileile mganga: "Na mimi nimemfunika!" Na dada wa tatu, mpiga mishale: "Nimempunguzia nguvu bosi!" Rungu likashuka, tanki hata hakuyumba. Tukafurahi. Sekunde nane baadaye rungu la pili likainuka, na kwenye simu pakawa kimya. Hakuna aliyekuwa na kitu. Tanki akaanguka, na sisi wengine tukafuata mmoja mmoja.

Lichukulie kwa namba. Tanki ana damu 90. Rungu linapiga 100, mara mbili. Una ngao ya kupunguza nusu na nyingine ya kupunguza asilimia 40. Ukiziweka zote kwenye rungu la kwanza, linabaki 30, kwa sababu ya pili inakata asilimia 40 ya 50 iliyobaki, haikati ya 100 nzima. Rungu la pili linakuja na 100 yake kamili, tanki amekufa hata kama mganga amemjaza. Ukizigawa, la kwanza linapiga 50, mganga anamrudisha, la pili linapiga 60, tanki amesimama. Jumla ya maumivu imeshuka kutoka 130 hadi 110, na kubwa zaidi, hakuna pigo lililovuka damu yake.

Isipokuwa pale pigo moja ni kubwa kupita kiasi. Rungu la 200 kwa ngao moja ya nusu ni 100, tanki amekufa. Hapo ndipo mnaweka zote mbili, inabaki 60. Kwa hiyo kabla ya zamu, jueni ukubwa wa kila pigo.

Dawa yetu ilikuwa karatasi. Tuliandika mapigo makubwa ya bosi kwa mpangilio, na mbele ya kila pigo jina la mtu mmoja. Pigo la kwanza tanki, la pili mganga, la tatu mpiga mishale, la nne tanki tena kwa sababu yake imeshapoa. Na kwenye simu ya pamoja mtu haruhusiwi kusema "nimeweka" tu, anasema pia "narudi baada ya arobaini." Neno hilo la pili ndilo linalomwezesha mwenzako kupanga.

Dalili: nikikutana na mchezaji mwenzangu, nakufa bila kufanya chochote

Umegandishwa, na skili yako ya kujinasua ulishaitumia kwenye kitu kidogo. Kwa miaka mingi World of Warcraft imekuwa na ulinzi wa aina yake: ukigandishwa kwa namna ileile tena na tena, muda unapungua kila mara, hadi mwisho haikushiki kwa kitambo. Mwenye kujua hilo havunji mnyororo wa kwanza ovyo, anatazama kwanza kama pigo kubwa linakuja.

Kwenye Albion skili zinatokana na ulichovaa. Silaha ina zake, kofia, koti na viatu kila kimoja kina yake. Hiyo ina maana ukimwona mtu unaweza kusoma atafanya nini kabla hajafanya. Viatu vyake ni vya kukimbilia? Msubiri avitumie. Akishakimbia mara moja, una sekunde kadhaa ambazo hana miguu, na hapo ndipo unapomwaga ulichonacho. Wanaokufa kwenye maeneo mekundu na meusi, ambako unapoteza kila kitu ulichovaa, mara nyingi wamemshambulia mtu ambaye skili zake zote zinawaka huku zao nusu zinapoa. Kama viatu vyako vinapoa, usivuke mpaka. Simama pembeni ya lango mpaka viwake.

Dalili: nimeongeza punguzo la kupoa, na sasa naishiwa mana

Hii ni fupi. Skili ya sekunde 10 ukiipunguzia asilimia 40 inakuwa ya sekunde 6, na hiyo maana yake unaitumia mara nyingi zaidi kwa theluthi mbili. Mana nayo inaondoka kwa kasi hiyohiyo. Na kila asilimia inayofuata ina nguvu kuliko iliyotangulia: kutoka 0 hadi 10 unapata matumizi zaidi kwa asilimia 11, kutoka 30 hadi 40 unapata karibu 17. Kwa sababu hiyo League of Legends, ingawa si gemu ya aina hii hasa, iliacha asilimia mwishoni mwa 2020 ikaleta kipimo cha wepesi ambapo 100 kinakata muda kwa nusu na kila nukta ina thamani sawa. Soma gemu yako inatumia kipimo kipi kabla ya kununua pete. Kisha pima: ukimaliza mana kabla pambano halijaisha, rudisha kidogo.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, ila gemu imekuwa kazi ya kiwandani

Moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili. Nalichukulia lalamiko hili kwa uzito, kwa sababu muda wa kupoa ukipangwa vibaya unaondoa uamuzi badala ya kuuleta. RuneScape iliwahi kulipitia. Novemba 2012 walibadilisha mapigano yote, wakaleta skili zenye kupoa badala ya kubofya adui na kusubiri. Wachezaji wengi waliona gemu yao imechukuliwa, na Februari 2013 kampuni ikafungua Old School RuneScape kutokana na nakala ya Agosti 2007. Kwenye hiyo ya zamani silaha ina mwendo wake, kwa mfano sekunde 2.4, na pigo maalumu linatumia nguvu inayorudi asilimia 10 kila sekunde 30. Uamuzi ni mchache lakini kila mmoja una uzito: ukila chakula, shambulio lako linachelewa.

Kama umechoka, jiulize unachoka na nini. Ukichoka na kubonyeza, tafuta gemu ya polepole. Ukichoka na kutoamua chochote, badilisha kazi ndani ya gemu hiyohiyo. Waganga na matanki hawana mzunguko wa kukariri kama wapigaji, wanamjibu adui. Programu za kubonyeza zenyewe ziache kabisa, akaunti itafungwa.

Dalili: nimekagua yote, bado tunashindwa

Rekodi skrini. Chukua daftari na kalamu, tazama pambano upya ukisimamisha, na kwa kila skili kubwa andika dakika na sekunde iliyotoka. Usiandike maoni, andika muda tu.

Dada mmoja wa Ipogolo, Iringa, alinitumia rekodi yake akiwa ameshakata tamaa. Pambano la dakika 6 na nusu. Ngao yake kubwa inapoa sekunde 90, kwa hiyo ingeweza kutoka mara tano. Tulipohesabu ilikuwa imetoka mara mbili: dakika ya 2:10, na dakika ya 6:20 alipokuwa tayari anakufa. Alinyamaza kidogo kwenye simu. "Kaka, mimi nilidhani naitumia kila wakati." Alama ya ngao aliiweka kona ya chini kulia, chini ya kidole gumba chake, haioni ikiwaka. Tukaihamishia juu kushoto, karibu na damu ya bosi, pale macho yake yanapotazama muda wote. Jumamosi iliyofuata alinitumia picha ya ukurasa mpya wa daftari: 0:12, 1:45, 3:16, 4:50, 6:22.